Farasi 700 bila klachi ya maana ni kelele tu

Mwaka 2003 Real Madrid walimuuza Claude Makélélé kwenda Chelsea, na kiangazi hichohicho wakamleta David Beckham. Inasemekana Zinedine Zidane aliuliza kuna maana gani kuipaka Bentley rangi nyingine ya dhahabu wakati injini yenyewe inang'olewa. Kilichofuata kila shabiki anakijua. Madrid hawakuonja tena ubingwa wa La Liga hadi 2007, Chelsea wakabeba Ligi Kuu ya England 2005 na 2006, na yule jamaa mfupi akiwa anafagia tu mbele ya mabeki wake.

Mfano ulikuwa mtamu, ila fundi wa magari angeurekebisha kidogo. Makélélé hakuwa injini. Alikuwa klachi. Injini inatengeneza nguvu, matairi yanafunga mabao, na katikati yupo mtu mmoja ambaye jezi yake hainunuliwi na watoto, kazi yake ni kuupokea mpira wa moto na kuufikisha mbele bila kupotea. Siku asipokuwepo ndipo watu wanauliza timu imepatwa na nini.

Kosa hilohilo la usajili linafanyika kila siku kule Marekani kwenye yale magari wanayoyaita ya misuli. Ni magari ya kawaida kwa umbo, milango miwili, lakini mbele yamewekewa injini kubwa ya V8. (Bongo ukisema V8 watu wanageuka kutafuta Land Cruiser la mkubwa; hapa siyo lile.) Wengi wanahesabu kuwa yalianza na Pontiac GTO ya 1964, mwaka uleule ambao Ford walizindua Mustang. Mustang GT ya 2018 ilitoka kiwandani na farasi 460. Dodge Challenger Hellcat ilikuja 2015 ikiwa na farasi 707, namba ambayo zamani ilikuwa ya magari ya mashindano tu.

Mwenye gari la namna hii akipata hela anafanya nini? Anamsajili mshambuliaji mwingine. Anafunga supachaja, anabadilisha ekzosi, anapima farasi kwenye mashine na kupiga picha ya karatasi ya majibu. Klachi ni ileile aliyokuja nayo. Wiki ya pili anakanyaga mafuta akiwa gia ya nne, mshale wa mizunguko unapanda fasta kama lifti, gari lenyewe linabaki palepale. Halafu inakuja harufu. Aliyewahi kupanda Kitonga nyuma ya lori lililojaza mzigo anaijua harufu hiyo, haihitaji maelezo.

Kuna wa aina ya pili, naye ni hatari zaidi. Huyu amesikia klachi ni muhimu, basi ananunua kubwa kuliko zote dukani. Tutamfikia.

Kwanza ieleweke kazi inavyofanyika. Flaiwili ni sahani nzito iliyofungwa kwa boliti nyuma ya krenki, inazunguka muda wote injini ikiwa imewaka. Usoni kwake inakaa diski ya klachi, na nyuma ya diski inakaa presha pleti yenye springi kali inayoibana diski hiyo dhidi ya flaiwili. Dereva akikanyaga pedali, mbano unaachia na nguvu inakatika. Akiachia pedali, mbano unarudi na nguvu inaenda kwenye giaboksi. Hakuna meno pale katikati. Farasi wote mia saba wanapita kwenye msuguano tu.

Kwa hiyo uwezo wa klachi unatokana na mambo manne: nyuso ngapi zinasuguana, zimetengenezwa kwa kitu gani, zinabanwa kwa nguvu kiasi gani, na diski ni pana kiasi gani. Chukua Mustang GT ya 2015, ambayo injini yake inatoa msokoto wa nyutonimita 542. Klachi yenye diski moja ina nyuso mbili. Kwa diski ya kawaida ya upana wa gari hilo, ukitaka ibebe nyutonimita 720 ili ubaki na akiba ya theluthi moja, presha pleti inatakiwa ibane kwa nguvu ya nyutoni 10,000 hivi, yaani kama tani nzima imekaliwa juu ya kipande kile cha duara. Ukitaka kubeba mara mbili ya hapo kwa diski moja ileile, unabana kwa tani mbili. Na huyo anayezipigania tani mbili kila taa nyekundu ni mguu wa kushoto wa dereva.

Ndiyo maana viwanda vyenyewe vilihamia kwenye diski mbili. Diski mbili zina nyuso nne, kwa hiyo mbano uleule unabeba mara mbili, na pedali inabaki ya kibinadamu. Hellcat ya gia za kukanyaga ilitoka na diski mbili tangu siku ya kwanza. Ford nao kwenye Mustang GT ya 2018 wakaweka diski mbili. Hawa watu hawatupi hela hovyo. Wahasibu wa kiwanda wakikubali kuongeza diski nzima, ujue diski moja ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake.

Hapa mashabiki wa farasi wanachanganya jambo moja kila siku. Klachi haihesabu farasi. Inahesabu msokoto. Injini inayozunguka sana inaweza kuwa na farasi wengi huku msokoto wake ni wa wastani, na nyingine ikawa na farasi wachache lakini inavuta kama trekta kuanzia chini. Mustang ile ya farasi 460 ina nyutonimita 569. Hellcat ina 881. Mtu anayenunua klachi kwa kusoma farasi ni sawa na kocha anayesajili beki kwa kuangalia idadi ya wafuasi wake Instagram.

Afadhali hata hiyo. Wauzaji wengi wameipa bidhaa yao majina ya hatua: hatua ya 1, hatua ya 2, hatua ya 3. Inasikika kama kuna kipimo cha dunia nzima. Hakuna. Hatua ya 3 ya duka moja inaweza kuwa dhaifu kuliko hatua ya 2 ya jirani, ni kama kulinganisha mabao 20 ya ligi ya mkoa na mabao 20 ya Bundesliga. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: hii inabeba nyutonimita ngapi, na diski yake ni ya nini? Akianza kuzunguka, mteja aage.

Hilo la diski ni ya nini ndiko wengi wanakoliwa. Diski ya kawaida, ile ya mchanganyiko wa nyuzi na gundi unaotumika kwenye magari mengi, inashika taratibu na kwa upole. Inasamehe. Ubaya wake haipendi moto, ikizidiwa inang'aa kama kioo na kuanza kuteleza. Kevla inadumu muda mrefu na ni laini vilevile, lakini inataka subira ya kuizoesha na ukiichoma mara moja vibaya haisahau. Seramiki, ile yenye vipande vichache vilivyopangwa kama petali, inang'ang'ania kwelikweli na moto haiogopi. Tatizo la seramiki ni kwamba haijui nusu. Ama imeshika ama imeachia. Kwenye mstari wa kuanzia mbio za robo maili ni sawa kabisa. Kwenye foleni ya Los Angeles saa kumi na moja jioni, gari linaruka kama chura, abiria anapiga kichwa kwenye kioo, na uso wa flaiwili unaliwa.

Sasa yule wa aina ya pili, aliyenunua kubwa kuliko zote. Amefunga diski mbili za seramiki, zinabeba nyutonimita 1,500 wakati injini yake inatoa 569. Anajisikia salama. Hajui kwamba klachi ina kazi nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi: ni fyuzi. Injini ikitoa kishindo, klachi nzuri inateleza kidogo na kumeza kishindo kile. Ikikataa kabisa kuteleza, kishindo kinakwenda mbele kumtafuta dhaifu mwingine. Kinakuta giaboksi. Giaboksi ikivumilia, kinakuta propela shafti, halafu difu, halafu ekseli. Matairi ya kawaida ya barabarani yanasaidia kwa sababu yanaserereka mapema. Lakini akishafunga matairi laini ya mbio yanayonata, mlango wa mwisho wa kutokea umefungwa. Kitu fulani lazima kivunjike, na mara nyingi siyo kile cha bei rahisi.

Akiba ya asilimia 25 hadi 35 juu ya msokoto halisi wa injini inatosha kwa gari la barabarani. Zaidi ya hapo mwenye gari anatakiwa awe na sababu, na "nataka tu iwe kali" siyo sababu.

Flaiwili ndiyo mada inayogombanisha watu zaidi. Mtindo wa sasa ni wepesi. Kila mtu anataka ya alumini, kilo 6, atoe ile ya chuma yenye kilo 11. Hoja yao ina ukweli: injini inapanda mizunguko haraka, sauti inakuwa ya mashindano, kubadilisha gia kunakuwa kwepesi. Kwenye gari dogo la kona nyingi, hakuna ubishi.

Lakini Challenger siyo gari dogo. Hellcat ina takriban tani mbili. Gari zito likitoka sifuri linahitaji kusukumwa na kitu ambacho tayari kinazunguka, na kitu hicho ni flaiwili. Ukipiga hesabu ya darasani, ukiichukulia kama sahani nzima ya nusu kipenyo cha sentimita 15, ile ya kilo 11 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika imebeba nishati ya jouli 6,100 hivi. Hiyo inakaribia nishati ya Mustang nzima ya kilo 1,700 ikitembea kilomita 10 kwa saa. Yaani kabla dereva hajaongeza mafuta, tayari ana msukumo mkononi. Ile ya kilo 6 ina jouli 3,300 tu. Iliyobaki lazima aitafute kwa kuongeza mizunguko na kuitelezesha klachi, na kuteleza ni moto, na moto ndio unaoua klachi.

Wanaotetea wepesi watasema gari linakuwa jepesi. Ni kweli kwa gia ya kwanza. Kwa Mustang yenye gia ya kwanza ya 3.66 na difu ya 3.73, kupunguza kilo hizo 5 kwenye flaiwili ni kama kumshusha abiria wa kilo 90 hivi. Habari njema. Sasa mtu apige hesabu ileile kwa gia ya tano, ambayo ni moja kwa moja: anakuta faida imeshuka hadi kilo 7, yaani begi la nguo. Na kwenye hiyo gia ya kwanza yenye faida, tairi la nyuma lenyewe linazunguka bure kwa kukosa mshiko. Faida inatolewa mahali ambapo haiwezi kutumika.

Kwa hiyo msimamo hapa ni wazi, na wapenzi wa alumini wataukataa: gari zito la V8 linalotembea barabarani libaki na flaiwili ya chuma. Alumini iachiwe wanaozunguka kwenye viwanja vya kona siku nzima, ambao hawaanzi kutoka sifuri zaidi ya mara moja.

Kuna flaiwili nyingine ambayo viwanda vinaipenda, yenye vipande viwili na springi katikati yake. Mustang GT ya 2018 ilipewa hiyo pamoja na zile diski mbili. Inameza mitetemo, gari linakuwa tulivu kama la bosi. Mtu akiitoa na kuweka ya kipande kimoja, asishangae giaboksi ikianza kugonga gari likiwa limesimama bila gia. Haijaharibika. Ni kelele iliyokuwepo siku zote ikifichwa na springi. Anayeweza kuishi nayo aishi nayo, asiyeweza asiguse.

Kwenye magari ya zamani kuna mtego mbaya zaidi, nao umewala hata mafundi wazoefu. Baadhi ya injini za V8 zinatumia flaiwili kama sehemu ya mizani yake: uzito wa kusawazisha krenki umewekwa kwenye flaiwili yenyewe. Ford 302 ya zamani ilitumia mizani ya aunsi 28, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakabadilisha kuwa aunsi 50. Injini ni jina lilelile, boliti zinaingia vilevile, flaiwili inakaa vizuri kabisa. Ukiwasha, injini inatetemeka kama ina homa, na ukiendelea kuikimbiza beringi za krenki zinakwisha. Chevrolet 350 nayo hadi 1985 haikuhitaji uzito kwenye flaiwili, kuanzia 1986 ikauhitaji. Halafu kuna meno ya kushikia stata, 153 au 168. Anayenunua flaiwili kwa kusema tu "naomba ya Chevrolet 350" amenunua bahati nasibu.

Yote hayo ni hela. Kuna jambo lingine ambalo siyo hela.

Flaiwili ya Mustang ikiwa kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia karibu kilomita 400 kwa saa. Nayo ipo sentimita chache kutoka miguu ya dereva. Nguvu inayoivuta ipasuke haiongezeki kwa kawaida, inaongezeka kwa mraba: mizunguko ikiwa mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Flaiwili ya zamani ya chuma cha kumimina ilitengenezwa kwa injini ya mwendo wa wastani. Ikiwa na ufa mdogo wa moto, ambao macho hayaoni vizuri, ikapelekwa kwenye mizunguko ya mbio, inaweza kupasuka vipande, na vipande hivyo vinatoboa bati la sakafu kama karatasi.

Marekani walijifunza kwa damu. Machi 8, 1970, kwenye uwanja wa Lions karibu na Long Beach, California, bingwa Don Garlits alikuwa mstari wa kuanzia. Gari lake lilikuwa la mtindo wa siku hizo, injini mbele, dereva nyuma yake akiwa amekaa juu ya mfumo wote wa kupeleka nguvu. Safari ile kilichopasuka kilikuwa giaboksi. Gari lilikatika vipande viwili na Garlits akapoteza sehemu ya mguu wake wa kulia. Akiwa anauguza jeraha alichora gari lenye injini nyuma ya dereva, na mwaka 1971 akashinda nalo mashindano ya Pomona. Miaka michache baadaye karibu wote wa daraja lake walikuwa wamemfuata.

Mwenye Mustang hawezi kuhamisha injini nyuma. Anachoweza ni kufuata sheria. NHRA, chama kinachosimamia mbio hizo tangu 1951, kinadai gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 11.49 au chini ya hapo liwe na flaiwili na klachi zenye cheti cha usalama cha SFI, pamoja na kava maalumu la chuma la kuzuia vipande. Sekunde hizo siyo za magari ya ajabu tena. Dodge wenyewe walitangaza 11.2 kwa Hellcat yenye matairi ya barabarani. Halafu anatokea kijana ameongeza farasi 200, anatafuta flaiwili ya mtumba isiyo na cheti kwa sababu imepungua dola mia moja. Kwenye rimu alitumia elfu mbili.

Watakaosema mjadala huu umepitwa na wakati wana hoja. Shelby GT500 ya 2020 haina pedali ya klachi kabisa, kompyuta inafanya kila kitu na inakushinda. Challenger ilifungwa Desemba 2023, Camaro nayo ikafungwa mwezi huohuo. Mustang ndiyo imebaki ikiuza V8 yenye gia za kukanyaga. Lakini maelfu ya magari haya yako barabarani na yataendelea kuuzwa mkono kwa mkono, na kila anayenunua la mtumba ananunua pia klachi iliyochezewa na mtu asiyemjua.

Kwa Mustang GT ya kutembelea wiki nzima na kwenda uwanja wa mbio mara mbili kwa mwezi, injini ikiwa haijaguswa, jibu halina mbwembwe: diski ya kawaida iliyoboreshwa kidogo yenye akiba ya theluthi, flaiwili ya chuma kigumu yenye cheti, beringi mpya zote mbili, ya krenki na ya kuachia, na boliti mpya za flaiwili kwa sababu za zamani zimeshavutwa. Akifunga supachaja, aende diski mbili za mchanganyiko uleule wa kawaida, siyo seramiki. Flaiwili ya zamani ikirudishwa bila kuchongwa uso, kazi nzima ni bure.

Halafu apumzike. Klachi mpya inataka kilomita 800 hivi za mjini, simama, tembea, simama, bila kukanyaga mafuta hadi mwisho, ili nyuso zizoeane. Hapo ndipo wengi wanashindwa. Gari linatoka kwa fundi Ijumaa mchana, na Ijumaa usiku liko mstari wa kuanzia, taa ya kijani inawaka, na mwenye gari anashangaa ile harufu imerudi.